Volti Zikipanda, Breka Haioni

Stima ikipotea Kondele, kabla hujashika tochi utasikia jenereta zimeanza kunguruma: kinyozi, duka la dawa, mwenye friza za samaki. Kila mmoja ana breka ukutani na anaamini amejikinga. Mimi hufundisha umeme katika chuo cha ufundi hapa Kisumu, na wanaotuletea vyombo vilivyoungua huuliza swali lilelile: "Mwalimu, mbona breka haikuruka?"

Haikuruka kwa sababu hiyo si kazi yake. Breka, swichi inayojikata yenyewe, huangalia ampea, yaani wingi wa mkondo unaopita. Volti ni msukumo. Jenereta inaweza kutoa volti 300 badala ya 240 na mkondo ukabaki chini ya kiwango cha breka, ilhali joto kwenye taa ya uzi limepanda kwa karibu nusu au zaidi, maana joto hukua haraka kuliko volti zenyewe. Televisheni huumia kwa namna nyingine. Ndani yake umeme hunyooshwa na kuwekwa kwenye kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, kufikia kilele cha wimbi: volti 240 zinakuwa kama 339, na volti 300 zinakuwa kama 424. Kapasita nyingi za mle zimeandikwa volti 400, ndio mwisho wake. Ikishapasuka na kushoti, hapo ndipo breka huruka, nawe una chombo kilichokufa.

Chanzo cha volti kupanda ninachokutana nacho sana ni kile kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita AVR, kidhibiti cha volti. Kinapima volti za jenereta kupitia nyaya nyembamba, kisha kinaongeza au kupunguza umeme unaotia sumaku kwenye rota, ile sehemu inayozunguka. Sasa waya wa kupimia ulegee kwa mtetemo wa injini, au panya autafune. Kidhibiti kinasoma sufuri, kinadhani jenereta imelala, kinasukuma sumaku kwa nguvu zake zote. Volti zinapanda mpaka chuma cha jenereta kishibe sumaku, kisiweze kubeba zaidi. Niliwahi kuitwa kwenye stoo moja ya samaki karibu na ziwa: skrubu moja tu ilikuwa imelegea, na kompresa zote zilikuwa zinanuka vanishi iliyoungua. Vidhibiti vingine hujizima vikipoteza waya huo. Soma karatasi ya chako ujue kama kimo katika hivyo.

Chanzo cha pili ni gavana, na simsemi yule wa kaunti. Gavana wa injini hushika kasi. Jenereta nyingi kubwa za dizeli huzunguka mara 1500 kwa dakika ili kutoa hezi 50. Zile ndogo za petroli mara 3000. Baadhi ya ndogo hazina AVR, zina kapasita tu, hivyo kasi ikipanda volti hupanda nayo. Kuna mafundi wanaokaza skrubu ya gavana ili taa zing'ae. Taa zinang'aa kweli, kwa muda.

Halafu kuna nyutro, waya ambao umeme hurudia. Kwenye jenereta ya fezi tatu, yaani yenye nyaya tatu za moto zinazotumia nyutro moja, nyutro ikikatika, fezi yenye mzigo mdogo hupanda kuelekea 415 huku ile yenye mzigo mkubwa ikizama.

Dawa ni relei ya volti za juu, kifaa kinachopima volti na kuamuru umeme ukatwe zikizidi, ile ambayo kwenye michoro ya paneli huandikwa namba 59. Mimi hupenda hatua mbili: volti zikizidi asilimia 10, yaani 264, isubiri sekunde chache kwanza, kwa sababu kisiagi kikizimwa ghafla volti huruka kidogo na kurudi zenyewe. Zikifika kama 288, ikate karibu papo hapo. Ipime kila fezi dhidi ya nyutro. Relei inayopima fezi kwa fezi haitagundua nyutro iliyokatika. Na iwe na nyaya zake yenyewe. Nimeona paneli ambapo relei imeunganishwa kwenye nyaya zilezile za AVR, kwa hiyo waya ukikatika vyote viwili vinapofuka pamoja. Huo ni mlinzi anayelala chumba kimoja na mwizi.

Tena, kufungua breka peke yake hakutoshi. Vyombo vitapona, lakini AVR iliyoharibika itaendelea kuikaanga jenereta yenyewe. Na kama tatizo ni gavana, injini ikiondolewa mzigo itazidi kukimbia. Relei inapaswa kufungua breka, kukata umeme wa sumaku na kufunga dizeli, yote matatu.

Kwa radi, ambazo Kakamega na Kisii wanazijua vizuri, relei ni mzee: radi hupita kabla haijaamka. Huko unahitaji kifaa cha kunyonya mshtuko wa radi, na athi, yaani nondo na waya wa kupeleka umeme ardhini, iliyozikwa vizuri, wala si ile nondo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu.

Mwenye jenereta ndogo asiyeweza kununua paneli, anunue kile kifaa cha kulinda friji ambacho hukata volti za juu, na apime kwa mita kila baada ya sevisi. Mwenye kubwa amwite fundi mwenye leseni ajaribu relei mara moja kwa mwaka: vyombo vyote vitolewe, kisha volti zipandishwe polepole kwenye AVR mpaka relei ikate. Namba iliyosomeka pamoja na tarehe viandikwe kwa kalamu nzito ndani ya mlango wa paneli, ili fundi atakayekuja mwakani ajue pa kuanzia.