Poka ya simu kwenye safari ya wikendi: tunayoaminishana garini na yalivyo kweli

Mwendo wa saa tano, watu wanne, gari moja. Saa ya kwanza kila mtu ana la kusimulia. Kufikia saa ya tatu mazungumzo yamepoa, mmoja amefungua meza ya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, kwenye simu, na aliyeketi kando yake anamchungulia begani. Mara nyingi mwenye simu hiyo huwa ni mimi. Nimecheza poka ya mtandaoni kwa miaka, na safari za wikendi na marafiki nazithamini kuliko mchezo wenyewe. Ndiyo maana yananiuma maneno tunayorithishana kwenye viti vya nyuma kana kwamba ni ujuzi, ilhali mengi hayana msingi. Karata zenyewe si tatizo kubwa safarini. Kinachoponza ni barabara, mtandao, usingizi na namna tunavyowatumia wenzetu.

"Nacheza kidogo tu, tukifika nafunga"

Inategemea umekaa meza gani. Kwenye meza ya kawaida ya fedha unaingia na kiasi chako, na mgao wowote (duru moja ya karata) ukiisha unaweza kuinuka na kilichobaki. Gari likianza kupunguza mwendo, unaaga. Shindano ni habari nyingine kabisa. Ukishalipa kiingilio, chipu ulizopewa (vipande vya kuwekea dau) hazigeuzwi kuwa pesa; unabaki mpaka utolewe au ufike kwenye nafasi zinazolipwa. Shindano dogo la meza moja yenye watu tisa huchukua kama saa moja. Lenye mamia ya watu hula saa nyingi. Ukiliacha njiani, dau la lazima linaendelea kukatwa kila zamu yako ikifika, na chipu zinayeyuka bila wewe.

Hilo nililijua kwa kuwaudhi watu. Niliingia shindano saa nane mchana nikijua tutafika saa kumi na moja. Tulipofika tulikuwa tumebaki wachezaji kumi na wanne, na wanaolipwa ni tisa. Wenzangu wakashusha mizigo, wakaipeleka ndani, wakarudi kuchukua iliyobaki. Mwisho mmoja akasimama kando ya mlango wangu na funguo mkononi, akingoja nitoke afunge gari. Sikuinua macho. Akagonga kioo kwa ncha ya ufunguo mara mbili, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nilitolewa wa kumi na moja. Nilipoingia ndani hapakuwa na mtu. Walikuwa wameshaondoka kwenda kutazama jua likizama, jambo ambalo ndilo lililotutoa nyumbani.

"Dereva akicheza kwenye taa nyekundu si neno"

Hapa sina nusu kwa nusu: dereva hachezi. Programu nyingi humpa mchezaji sekunde 15 hivi za kuamua. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo uamuzi mmoja tu, wa kutupa karata au kufuata dau, ni zaidi ya mita 400 za barabara ambazo hakuna aliyezitazama.

Wanaojitetea kwamba wanacheza gari likiwa limesimama wanasahau kwamba macho yakirudi barabarani, akili huchelewa kufuata. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah uliofanywa kwa taasisi ya usalama barabarani ya AAA ya Marekani na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa dereva akimaliza kutoa amri kwa sauti kwenye gari au simu, umakini wake unaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi sawasawa. Huyo alikuwa anazungumza tu na chombo. Aliyetoka kupoteza nusu ya salio lake ana mengi zaidi kichwani taa inapogeuka kijani.

Abiria naye ana sehemu yake. Aliyeketi mbele akipiga kelele "Nimeipata!" huku akinyanyua simu, amemgeuza dereva shingo. Mimi hukaa nyuma na sauti nimezima. Na ukisikia kichefuchefu baada ya dakika chache, usidhani ni jambo la tumbo: sikio la ndani linahisi gari linakwenda, macho yanaona skrini iliyotulia, na ubongo unapokea habari mbili zinazopingana. Ukitazama mbali nje ya dirisha kwa muda, hutulia.

"Mtandao ukikata, programu itanilinda"

Dhana hii ina asili ya kweli. Zamani baadhi ya tovuti zilikuwa na kinga: mchezaji akikatika katikati ya mgao, alihesabiwa kuwa ameshaweka alichoweka, na alibaki akishindania sehemu hiyo ya fungu (jumla ya dau zilizo mezani) bila kuongeza. Haikuchukua muda watu wakaanza kujikata makusudi kila dau lilipokuwa kubwa. Leo kwenye tovuti nyingi unaongezewa muda kidogo, kisha karata zako zinatupwa, hata ziwe nzuri namna gani. Nimewahi kuingia kwenye handaki nikiwa na wafalme wawili na nusu ya chipu zangu mezani. Alama ya kusubiri ikazunguka. Tulipotoka upande wa pili, mgao mwingine ulikuwa umeshaanza na chipu zile ziko kwa mtu mwingine.

Kuhusu Wi-Fi ya bure ya mahali mnapolala, hofu ya kwamba jirani ataziona karata zako hewani ni kubwa kuliko hatari yenyewe, kwa kuwa programu zenye leseni husimba mawasiliano yake. Tahadhari na ukurasa bandia wa kuingilia, neno la siri moja ulilolitumia kila mahali, na simu iliyoachwa wazi mezani.

"Programu imepangwa itunyang'anye"

Hii ndiyo inayosemwa kwa uchungu zaidi, na siwacheki wanaoisema, kwa sababu historia imewapa sababu. Mwaka 1999 kampuni ya ASF Software, iliyotengeneza programu zilizotumiwa na tovuti kadhaa za poka, ilichapisha hadharani kanuni yake ya kuchanga karata ili kuthibitisha kwamba ni ya haki. Wataalamu wa usalama wa kompyuta walipoisoma wakaona kasoro: mpangilio mzima ulitokana na saa ya seva, kwa kuhesabu milisekunde tangu usiku wa manane. Siku moja ina milisekunde 86,400,000, ilhali mipangilio halisi ya karata 52 ni namba yenye tarakimu 68. Kwa kujua karata zao mbili na tatu za kwanza zilizofunuliwa mezani kwa wote, wataalamu hao waliweza kuzitaja zote zilizobaki, pamoja na za wapinzani. Kisha, mwaka 2007 na 2008, ikabainika kwamba kwenye tovuti za poka za Absolute Poker na UltimateBet kulikuwa na akaunti zilizoweza kuona karata za kila mtu.

Tazama vizuri, hata hivyo, udanganyifu ulikuwa wa aina gani. Kasoro ya kwanza ilimfaa yeyote atakayeigundua. Ya pili ilikuwa ya watu wa ndani waliochungulia. Hakuna hata moja iliyokuwa mashine ya kumwonea abiria mmoja ili apoteze. Tovuti hupata kamisheni yake kutoka kwenye fungu, mara nyingi kama asilimia 5 yenye ukomo, awe ameshinda nani. Haijali jina lako.

Kinachotufanya tuhisi tunaonewa ni kasi. Kwenye meza ya ana kwa ana hugawiwa kama migao 25 hadi 30 kwa saa. Kwenye simu ni 60 na zaidi kwa meza moja. Ree mbili huja kwa wastani mara moja katika migao 221, kwa hiyo mtandaoni utazipata kila baada ya saa tatu au nne, na utaziona zikipigwa mara nyingi kuliko ulivyozoea. Ree mbili zikikutana na wafalme wawili, zinashinda karibu mara 82 kati ya 100. Zile 18 zilizobaki ni karibu moja katika kila tano. Ikikupata kwenye kiti cha nyuma, umechoka na miguu imekufa ganzi, inaonekana kama njama.

"Kuonyeshana karata ni utani wa marafiki"

Hapana, ni wizi, na namaanisha neno hilo. Tuseme kati ya karata tano unazoziona, mbili zako na tatu za mezani, nne ni za kopa na inabaki moja utimize tano. Kwa unavyojua wewe, kopa tisa zimo kati ya karata 47 usizoziona: nafasi ya inayofuata kuwa kopa ni kama asilimia 19. Rafiki yako, aliye meza ile ile, anakuonyesha kwamba kopa mbili anazo yeye. Sasa ni saba kati ya 45, chini ya asilimia 16, na dau ambalo ungelifuata unalitupa. Mgeni aliye upande wa pili alicheza vizuri, akastahili chipu zako, na hukumpa. Hakujua kwamba anacheza na watu wawili.

Tovuti hukagua kumbukumbu za migao: nani hutupa karata zake ili kumwachia nani fungu, nani hampandishii nani dau, nani wako kwenye mtandao mmoja. Hapa hata wasio na hatia hujikuta matatani. Watatu mkitumia hotispoti moja kisha mkaketi meza moja ya fedha, mnafanana na genge hata kama kila mtu ameificha simu yake. Kaeni meza tofauti. Vilevile "nishikie simu nichezee dakika mbili" si msaada mdogo kama unavyosikika. Kanuni ya kawaida ni akaunti moja, mtu mmoja, na mgao mmoja huamuliwa na mtu mmoja. Anayekunong'oneza begani amehesabiwa humo.

"Akaunti ni ya nyumbani, kwa hiyo sheria ni za nyumbani"

Sheria hufuata mahali mwili wako ulipo. Marekani ndiyo mfano mzuri: New Jersey inaruhusu poka ya mtandaoni yenye leseni, jirani yake New York hairuhusu, na mchezaji wa New Jersey akivuka mto ulio kati yao tu programu inamfungia kwa kutumia GPS na alama nyingine za mahali. Nevada, Delaware, New Jersey na Michigan ni miongoni mwa majimbo yenye mkataba unaoruhusu wachezaji wao kukaa meza moja. Australia ilibadilisha sheria mwaka 2017 na tovuti kubwa zikaondoka. Safari ya wikendi inaweza kuvuka mipaka miwili kabla ya mchana.

Hapo ndipo mtu hutaja VPN, huduma ya kuficha mahali ulipo mtandaoni, kama ufunguo. Mkataba wa karibu kila tovuti yenye leseni unaikataza, na adhabu yake ni akaunti kufungwa huku fedha zikizuiwa. Ukishinda kikubwa ndipo ukaguzi unapokuwa mkali.

"Poka ni ustadi, si bahati"

Kwa muda mrefu, ndiyo. Lakini pima urefu wenyewe. Januari 2017, mjini Pittsburgh, Libratus, programu ya kompyuta iliyotengenezwa kucheza poka, ilicheza na wachezaji wanne hodari wa kulipwa kwa siku 20, na waandaaji waliweka migao 120,000 ili matokeo yasionekane ya kubahatisha. Wewe ukicheza saa tano garini unapata kama 350. Kwa idadi hiyo mjinga hushinda na hodari hulia, na hakuna kati yao aliyepata jibu. Hivyo basi yule anayesema Jumapili asubuhi "nitarudisha njiani" hana deni lolote analodaiwa na karata. Kila mgao huanza upya. Anacho kingine cha kuhesabu: amekaa macho tangu lini. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Aliyecheza hadi usiku wa manane na anatarajiwa kushika usukani alfajiri anatakiwa awaambie wenzake mapema.

"Tukicheza sisi kwa sisi, pesa inabaki kwetu"

Programu nyingi hukuruhusu kufungua meza ya faragha, na watu wengi huiona kama salama kabisa. Angalia kama inakata kamisheni. Marafiki wanne wakiingia na chipu 100 kila mmoja, na mafungu ya usiku mzima yakajumlika chipu 4,000, asilimia 5 ni chipu 200. Nusu ya kilichowekwa mezani haimo tena kwa yeyote kati yao, na kila mmoja anajiuliza ni nani aliyeshinda. Akiikata rafiki yenu mwandaaji badala ya programu, mambo huwa mazito zaidi: katika majimbo mengi ya Marekani, mchezo wa fedha nyumbani kati ya marafiki huachwa, ila anayechukua sehemu kwa kuuandaa anahesabika anaendesha kamari.

Pakiti ya karata za karatasi haikati kitu na haihitaji mtandao. Yangu hukaa kwenye mfuko wa mlango wa nyuma, upande ule ule niliogongewa kioo.