Hajalala, amepoteza fahamu

Hapa Zanzibar, siku za vunja jungu, Ramadhani inapokaribia kuanza, mimi daktari sipangi safari yoyote, kwa sababu najua usiku ule nitaitwa kazini. Wengi huvunja jungu kwa kula na jamaa zao, wakapeleka watoto pwani, kisha wakarudi nyumbani kungojea mwezi uandame. Lakini wapo wanafunzi wa vyuo, na siku hizi hata wa skuli, wanaoufanya usiku huo kuwa wa kunywa pombe kwa niaba ya mwezi mzima. Wanakunywa haraka, kwa kujificha, na tumbo tupu. Kisha mmoja wao haamki.

Nikiwauliza wenzake kwa nini wamechelewa kumleta, jawabu ni lile lile kila mwaka: "Dokta, tulimwacha alale pombe imtoke."

Nimechoka kulisikia. Aliyelala ukimwita jina lake au ukimtikisa hufumbua macho, hata kama atakutukana. Asiyeamka kwa kuitwa wala kwa kufinywa hajalala, amepoteza fahamu, na ubongo uliozimwa na pombe ni huo huo unaoamrisha pumzi.

Na pombe haisimami pale alipoacha kunywa. Iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu, hivyo mliyemlaza saa sita usiku akiwa bado anajibu, saa saba anaweza kuwa hajibu tena. Ini nalo halina haraka: linaondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 za pombe halisi kwa saa, basi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina kama gramu 55. Aliyekimaliza kwa nusu saa amelitwika ini lake kazi ya saa sita hadi nane.

Katika saa hizo, akilazwa chali, ulimi hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Akitapika, matapishi yanaingia mapafuni, kwa kuwa pombe imekwisha kuzima kule kukohoa kunakotukinga. Sukari ya damu nayo hushuka, hasa kwa kijana ambaye hakula tangu mchana, maana ini limeshughulika na pombe na halitoi sukari. Akiwa amelowa, kwenye mchanga wa Paje au Kendwa, hupoteza joto la mwili hata katika hali ya hewa yetu.

Na nyinyi mnafanya nini? Mnampa kahawa chungu, maji ya ndimu, dafu. Mnammwagia ndoo ya maji baridi. Mnamtia kidole kooni. Hakuna hata kimoja kinacholiharakisha ini. Kahawa haiondoi pombe, maji baridi yanamzidishia ubaridi, na chochote unachomnywesha asiyejitambua unaweza kuwa unakimimina mapafuni mwake.

Mlazeni ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asipinduke, na uso uelekee chini kidogo ili matapishi yatoke nje. Mmoja akae naye, asiondoke. Ahesabu pumzi kwa dakika nzima, akitazama saa, si kwa kukisia. Zikiwa chini ya nane, au zikikatika kwa sekunde kumi, au midomo na kucha vikageuka rangi, au ngozi ikawa baridi na yenye unyevu, au akashikwa na degedege, hapo hapo atafutiwe gari. Haamki? Hiyo peke yake inatosha, msingoje dalili nyengine. Aliye Nungwi, hospitali ya Kivunge ni karibu kuliko ya mjini. Aliye Jambiani, Makunduchi ni karibu kuliko Mnazi Mmoja. Pemba, nendeni iliyo karibu kati ya Chake Chake, Wete na Mkoani.

Najua mnachokiogopa. Mnaogopa wazazi, kufukuzwa dakhalia, habari kumfikia sheha kabla ya alfajiri. Sitara ni jambo jema na mimi nimelelewa nalo, ila msitirini akiwa hai. Niliwahi kupokea kijana aliyelazwa kwenye benchi la mlangoni na wenzake, nao wakakimbia. Sikujua amekunywa nini, saa ngapi, wala kama alianguka akajigonga kichwa. Mngebaki dakika tano tu mkaniambia hayo matatu! Sijapata kumwita polisi kwa sababu kijana amelewa, na dini ya mgonjwa si swali langu.

Na mengine mnayoniambia ni haya. "Si atundikwe dripu tu?" Dripu haioshi pombe. Tukiiweka ni kwa ajili ya maji na sukari, na muda wote huo tunachokilinda ni njia ya hewa.

"Mimi si mlevi, nakunywa mara moja kwa mwezi." Shirika la Afya Duniani linahesabu gramu 60 au zaidi kwa mkao mmoja, hata mara moja tu katika siku 30, kuwa ni unywaji wa kupindukia. Hizo ni chupa tatu za bia. Ubongo unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Yule anayeambiwa asubuhi mambo aliyoyafanya na hakumbuki hata moja hakusahau: ubongo wake haukuyaandika kabisa.

"Nachanganya na kinywaji cha kuongeza nguvu, silewi." Unalewa vile vile, ila huhisi, kwa hiyo unaongeza.

"Pombe hukaa mwilini siku arubaini." Kwenye damu hukaa kwa saa, si kwa siku arubaini. Mambo ya sala waulizwe masheikh. Mimi linaloniudhi ni kijana anayejiambia kwamba, madhali siku arubaini zimekwisha kuharibika, chupa moja na kumi ni sawa. Si sawa hata kidogo.

"Tembo ni la mnazi, halina madhara." Kinacholewesha humo ni kile kile kilichomo kwenye bia, na tembo huzidi kuchacha kila saa zinavyopita: la asubuhi silo la jioni. Gongo ndilo baya zaidi, kwani huweza kuwa na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, na hiyo haionyeshi sumu yake usiku ule ule. Kijana huamka, mkashukuru, kisha siku ya pili anasema kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Huyo msimpe dawa ya maumivu mkamrudisha kitandani. Aje hospitali saa hiyo hiyo, na kama chupa ingalipo, ije naye.