Garratt haikuwa injini mbili, na mengine tunayoyakosea huku Nakuru

Zikitajwa injini za mvuke karibu na stesheni ya Nakuru, hakosi mtu wa kusema kwamba ile aina iitwayo Garratt ilikuwa injini mbili zilizofungwa mgongo kwa mgongo. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka. Macho ndiyo yanayodanganya: ukiitazama ubavuni unaona seti mbili za magurudumu, kila moja na silinda zake. Lakini boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ni moja na dereva ni mmoja. Boila hiyo imening'inizwa katikati kama machela iliyobebwa na watu wawili, huku matangi ya maji na mafuta yakiwa juu ya wabebaji wenyewe.

Kwenye kona, kila mbebaji hugeuka kivyake, na uzito wote umegawanywa kwa ekseli nyingi, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili. Tena, kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, mafundi walikuwa na nafasi ya kuifanya nene na kulipanua sanduku la moto. Herbert William Garratt aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya wazo hilo mwaka 1907, na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kikalifanya kazi yake kubwa.

Dhana ya pili huzua ubishi zaidi: eti zile kubwa kabisa, za daraja (yaani kundi) la 59, ndizo zilizopanda na mizigo kutoka hapa kwenda Kisumu na Uganda. Injini 34 za daraja hilo zilikuja 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 250, na kazi yao kuu ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, zikivuta treni za tani 1,200. Kila ekseli ya magurudumu yanayovuta iliikandamiza reli kwa tani 21 hivi. Reli za magharibi zilikuwa nyepesi, na zilitaka mguu mwepesi. Huku ndiko daraja la 60 lilikotamba, Garratt ndogo zenye tani 11 hivi kwa ekseli, ambazo kwanza zilipewa majina ya magavana. Basi babu akisema aliiona Garratt ikihema kuelekea Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, mwamini. Akisema ilikuwa 59, muulize tena, kwa adabu.

Makaa ya mawe? La. Hizi zilichoma mafuta mazito. Na lile wingu jeusi la moshi tunalolipenda kwenye picha ni dalili ya moto uliokosa hewa ya kutosha, yaani mafuta yanapotea bure.

Wengine husema dizeli ilishinda kwa sababu mvuke ulikuwa dhaifu. Nguvu haikuwa tatizo. Dizeli huwashwa ikaondoka, ilhali boila iliyopoa hupashwa moto polepole kwa saa nyingi, la sivyo chuma kinatanuka visivyo sawa na viungo vinaanza kuvuja. Halafu kuna kuiosha ndani mara kwa mara kuondoa ukoko wa maji. Hiyo ni mishahara ya watu wengi.

Mbili za daraja la 59 zimebaki katika jumba la makumbusho la reli Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Majina yote mawili ni ya milima ya Tanzania, maana reli ilikuwa ya nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Wageni huona rangi inang'aa wakadhani kilichobaki ni kiberiti. Rangi haisemi lolote kuhusu mabomba yaliyo ndani ya boila, wala unene wa bamba zake. Kabla ya kuwasha, boila hujazwa maji baridi na kushindiliwa kwa shinikizo linalozidi lile la kazini. Maji baridi, kwa sababu bamba likipasuka yatamwagika tu sakafuni. Mvuke ungeua kila aliye karibu.