Picha ya pikipiki pale Feri, na tarehe iliyodanganya

Wiki iliyopita nilikuwa napanga albamu za zamani nikakutana na picha moja ya inchi 6 kwa 4, imeshaanza kuwa nyekundunyekundu, mbele kuna usukani wa Honda XL 125, tangi na sait mira ya kushoto, nyuma yake maji ya bandari halafu mji wa Dar umelala chini kabisa, ukiitazama haraka unaweza kudhani ni Tanga. Nikamrushia rafiki yangu tuliyesafiri naye, akajibu fasta, "hiyo ni 94, huoni tarehe?" Na kweli kwenye kona imeandikwa '94 1 1 kwa yale maandishi ya rangi ya chungwa. Nikamwambia mzee hiyo tarehe ya uongo, akagoma. Sasa mimi kazi yangu ni upimaji ardhi, nikaona nisibishane kwa mdomo, ngoja picha yenyewe iseme.

Tarehe kwanza, maana hiyo haihitaji hata kupima. Zile kamera ndogo za mkanda zilikuwa na saa ndani, ukitoa betri saa inarudi ilikoanzia kiwandani, na watu wengi tulikuwa hatujui hata kuiseti. Kwa hiyo nikiona tarehe 1 mwezi wa 1 kwenye picha ya zamani siiamini, labda kuwe na keki ya mwaka mpya mezani.

Halafu safari yenyewe. Tulitoka Lindi kuja Dar, na tulivuka Rufiji kwa daraja, hilo nina uhakika nalo kwa sababu tulisimama katikati tukala mihogo. Daraja la Mkapa limefunguliwa Agosti 2003, mita 970, kabla ya hapo ilikuwa ni kusubiri pantoni ya Ndundu. Lami ndiyo haikuwepo, kipande cha Somanga mpaka Ndundu kilometa 60 za mchanga na mashimo, spoki tatu za nyuma zikakatika tukazifunga kwa waya wa kawaida, mpaka Mbagala gurudumu linacheza kama mlevi. Ila kumbukumbu sio ushahidi, tena ya kwangu ndio kabisa, mtaona huko chini.

Tuje kwenye majengo. Kosa ambalo watu wanafanya na picha za zamani ni kutafuta jengo ambalo halipo, wakilikosa wanasema basi picha ni ya kabla halijajengwa. Hapana, jengo linaweza kuwa limejificha tu nyuma ya lingine kutokana na mahali uliposimama. Mimi natafuta kitu ambacho kiko katikati ya kubadilika. Kwenye picha hii Kilimanjaro, ile hoteli ya 1965 pale Kivukoni, imevalishwa majukwaa ya ujenzi, na tunajua ilikuwa inakarabatiwa ikafunguliwa upya 2005 ikiwa ya Kempinski (siku hizi Hyatt). Pembeni kidogo kuna winchi limesimama, huko ndiko minara pacha ya Benki Kuu ilikuwa inapanda. Unganisha na daraja la Rufiji unabaki na dirisha dogo, kati ya Agosti 2003 na 2005. 94 imetoka wapi?

Sasa kinachonishangaza mimi kwenye picha ile sio kilichoondoka, kwa sababu upande huu wa maji vingi bado vipo. Kanisa la Azania Front na paa lake la vigae vyekundu lipo, Mtakatifu Yosefu na mnara wake uliochongoka upo, yote mawili kazi ya wakati wa Mjerumani, na Boma la Kale la enzi za Sultani Majid lipo. Ila kwenye picha makanisa ndiyo yanaongoza, jicho linaenda pale lenyewe. Leo ukitaka mnara wa kanisa inabidi uutafute chini kwenye miguu ya maghorofa.

Hesabu yake rahisi. Tuseme lenzi ya milimita 35, picha ya inchi 6, mji uko kama kilometa moja na nusu. Milimita moja kwenye karatasi inakuwa kama mita 10 kule ng'ambo. Jengo la Bandari ni ghorofa 35, ile minara pacha iliyokuwa ya mfuko wa pensheni wa PSPF nayo 35, inacheza kwenye mita 150, kwa hiyo kwenye picha yangu ingesimama sentimita moja na nusu juu ya ukingo wa maji. Nimeweka rula, majengo yaliyopo pale hata nusu yake hayafiki. Na ukiangalia nani kajenga, ni benki kuu, bandari, mifuko ya pensheni. Mstari ule wa juu umechorwa kwa kiasi kikubwa na makato ya mishahara, kwa hiyo mwalimu wa Nachingwea ana tofali lake pale hata kama hajawahi kupanda lifti yake.

Haya, nilisimama wapi? Miaka yote nimekuwa nahadithia kwamba picha ilipigwa ufukweni Kigamboni, tumeshashuka, tunakula upepo. Mpimaji anafanya anachofanya mvuvi akitafuta mlango wa bandari, unachukua vitu viwili, cha karibu na cha mbali, vilivyopangana. Mnara wa Azania Front umegusana na kona ya ghorofa la nyuma yake, basi mimi nipo mahali fulani kwenye mstari unaopita hapo kuja huku. Mstari mmoja hautoshi, unatafuta jozi nyingine, mimi nikachukua mnara wa Mtakatifu Yosefu na pembe ya paa la mbele yake, ukichora mistari yote miwili kwenye ramani ya setilaiti inakatana sehemu moja. Hapo ndipo kamera ilipokuwa.

Imekatana majini.

Nikarudia nikidhani nimekosea jozi, ikaja palepale, katikati ya mkondo. Ndio nikachukua lenzi ya kukuzia nikaangalia ile sait mira, ndani yake kuna mstari mweupe ambao siku zote nilijua ni ukuta. Kumbe sio ukuta, ni bomba la pembeni la kushikia, na juu yake kuna kidole cha mtu. Tulikuwa juu ya pantoni, hatujafika Kigamboni bado! Ufukwe wote na upepo wake nimeutunga mwenyewe.

Jumamosi nikaenda kupanda. Daraja la Kigamboni lipo tangu 2016 ila pantoni inajaa vilevile, bodaboda mbele, wenye ndoo za samaki pembeni. Kama na wewe utajaribu, kamera usielekeze upande wa Ikulu utajieleza sana. Mistari yangu miwili inakutana kwa sekunde chache tu halafu pantoni imeshapita, mara ya kwanza nikakosa, kurudi nikakosa tena kwa sababu mama mmoja alinisimamia mbele na tenga, ya tatu nikapata. Ila simu ina lenzi pana kuliko kamera ile, inasukuma mji mbali, ikabidi niikate picha kwa robo ndio zilingane.

Nimeziweka mbili pamoja nikamtumia rafiki yangu, na mistari nimechora, na sait mira nimeikuza. Kajibu, "sawa, pantoni nakubali. Ila mwaka ni 94."