Kisigino kinachokwenda na mwezi

Mwaka jana alinijia mama mmoja wa Jambiani, mkulima wa mwani, akanambia kisigino chake cha kulia kinakwenda na mwezi. Mwezi ukiandama kinauma, ukiwa mpevu kinauma, katikati hapo kinatulia. "Mwanangu, huu si mshipa wa kawaida," akasema. Kwao walishaanza kumnong'oneza kuwa pana mkono wa mtu.

Sikumcheka, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sawasawa. Bamvua huja mara mbili, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji yanakupwa mbali, na wanawake wanashuka kwenye mashamba yao ya vigingi na kamba kwa siku kadhaa mfululizo. Wanainama, wanatembea juu ya mchanga na mawe, kisha wanapanda pwani na polo la mwani mbichi kichwani. Yakija maji mafu, wanakaa nyumbani. Kwa hiyo mguu wake ulikuwa ukipewa kazi ya punda wiki moja, ukilazwa wiki ya pili, na kurudishwa kazini ghafla. Kilichokuwa kikienda na mwezi ni kazi. Kisigino kilikuwa kikifuata tu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Unguja. Wagonjwa wananiita daktari wa mazoezi, na sina ugomvi na jina hilo. Kisigino kinachouma miezi na miezi ni katika mambo ninayoyaona sana, na karibu kila anayekuja nacho ameshakipumzisha, ameshakichua, ameshakivumilia. Ambacho hajakifanya ni kukipimia kazi.

Shika mguu wako sasa hivi. Bonyeza kwa dole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, pale nyama nene inapomalizika na uvungu wa unyayo unapoanza. Wengi wenye maradhi haya wataruka hapo. Pameshikizwa ukanda mnene wa kano unaotoka kwenye mfupa wa kisigino kwenda mpaka kwenye mashina ya vidole. Mifupa ya uvungu ni upinde, ukanda huo ndio ugwe wake. Vuta kidole gumba cha mguu kuelekea kwako: ugwe unakaza, utauhisi chini ya kidole kama kamba, na uvungu unainuka.

Usiku tunalala vidole vimeelekea chini, na ugwe unatulia ukiwa mfupi. Ukishuka kitandani alfajiri, uzito wote wa mwili unaunyoosha kwa mara moja. Ndiyo maana hatua za mwanzo ni kama kukanyaga msumari, ukitembea kidogo inalegea, na ukikaa kitako barazani nusu saa kisha ukainuka, msumari umerudi. Kwa muda mrefu tuliamini kuwa ni uvimbe wa moto. Lakini vipande vya ukanda vilivyotazamwa kwa hadubini vilionesha zaidi nyuzi zilizochakaa na kuvurugika. Vidonge vya uvimbe vinaweza kukutuliza siku mbili tatu, lakini nyuzi zilizochakaa havizijengi.

Halafu kuna habari ya "mwiba". Mtu anapigwa picha ya eksirei, kinaonekana kijifupa kimeota kisiginoni, na kuanzia siku hiyo anatembea kama aliyebeba kisu ndani ya mguu. Vijifupa hivyo wanavyo watu wengi wasioumwa hata kidogo, na wengi wanaopona wanapona navyo. Mara nyingi picha haibadilishi chochote katika tiba, ila hofu tu.

Kuchua sikukatazi. Mafuta ya makonyo kutoka Pemba yana yujinoli, dawa ileile ya karafuu ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza jino, kwa hiyo anayesema yanamfariji simbishii. Ila yachanganye na mafuta ya nazi, maana yakiwa matupu yanababua. Na usiyahesabu kuwa ndiyo tiba.

Tiba yenyewe tunaifanya nusu kila siku bila kujua. Itazame tahiyatu ya mwanzo: mguu wa kushoto umelazwa na umeukalia, wa kulia umesimama, matumbo ya vidole yamekanyaga chini yakielekea kibla. Mguu huo wa kulia uko katika mkunjo uleule tunaoufundisha kwenye chumba cha mazoezi. Kwa mwenye kisigino kibichi mkunjo huo unaweza kuwa adhabu, na wenye udhuru wana ruhusa yao. Hilo waulizwe masheikh. Lakini ujue unachokwepa ndicho utakachohitaji kukirudia polepole.

Kabla hujashuka kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Vivute vidole kwa mkono kuelekea kwenye muundi mpaka ugwe ukaze, hesabu hadi 10, achia. Mara 10, na urudie hivyo mara tatu kwa siku. Hiyo ni ya kukufungulia asubuhi.

Ya kujenga ni hii. Simama kwenye ngazi au ukingo wa kizingiti, visigino vinaning'inia nje, shika ukuta. Kunja taulo, liweke chini ya vidole ili viinuke. Panda kwa kuhesabu tatu, kaa juu kwa mbili, shuka kwa tatu. Anza kwa miguu yote miwili kama mmoja hauwezi. Mara 12, pumzika, urudie mpaka zitimie duru tatu, siku moja ndiyo siku moja siyo. Ikishakuwa nyepesi, vaa mkoba mgongoni utie kilo za mchele. Utaratibu huu ulijaribiwa Denmark na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: baada ya miezi mitatu waliokuwa wakipanda na kushuka walikuwa na nafuu kuliko walionyoosha tu. Baada ya mwaka, makundi mawili yalikaribiana. Kwa hiyo usitarajie muujiza, tarajia miezi.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dhambi. Kipimo ni hatua ya kwanza ya kesho yake alfajiri. Kama haikuzidi, endelea. Kama imezidi, punguza duru. Mimi mwenyewe niliumwa miezi tisa kwa kutofuata maneno haya. Nilipumzika wiki tatu, nikajiona nimepona, ikaingia Ramadhani nikasimama tarawehe usiku wa kwanza mpaka wa mwisho, peku. Mfungo Mosi ukanikuta nachechemea mbele ya wagonjwa wangu, na waliniuliza.

Viatu havihitaji maneno mengi. Kandambili iliyokwisha na makubadhi mapya, magumu, yote mawili ni maadui kwa miezi hii. Kwa kuwa ndani tunatembea peku na sakafu zetu siku hizi ni vigae, tenga malapa mazito, safi, ya ndani tu.

Sindano ya steroidi inatuliza, mara nyingi kwa wiki chache. Ikirudiwarudiwa inaweza kuukata ukanda na kuidhoofisha nyama ya kisigino, ambayo ndiyo mto wako. Anayekuahidi sindano ya tatu muulize vizuri.

Sasa, si kila mguu unaouma ni huu. Nyayo zote mbili zikiwaka moto usiku au zikifa ganzi, pima sukari kwanza, na tafadhali usizitie kwenye maji ya moto na chumvi: mguu usiohisi unaungua bila kukuambia, na nimeviona vidonda vyake. Kidole gumba kikivimba na kuwa chekundu usiku mmoja, hata shuka huitaki kukigusa, hilo huenda ni jongo. Kijana mwenye visigino viwili na mgongo unaokakamaa kila asubuhi, na yeyote mwenye homa, uvimbe, au maumivu yasiyolala hata amelala, aende hospitali, asije kwenye blogu yangu.

Yule mama sikumwambia aache mwani, angekula nini? Tulipanga hivi: maji mafu ndiyo wakati wa ngazi na taulo, mguu usilale. Bamvua, aache ngazi, avae raba za soli nene majini, na polo moja aligawe safari mbili. Bamvua mbili za mwanzo hakuona tofauti, akanitumia salamu za lawama. Ya tano hakunitumia chochote.

Juzi karudi. Kisigino hakukitaja mpaka nilipomuuliza. Alileta bega la kushoto, kwa ajili ya kukaza kamba. Hilo ni la siku nyengine.