Uharamia mtandaoni: nakala haramu hupunguza tiketi ngapi?

Filamu ikipakuliwa kiharamia mara 50,000, haina maana kwamba studio imepoteza tiketi 50,000. Hesabu hiyo hutangazwa sana, nayo ni mbovu: wengi waliopakua wasingelipa hata senti. Wachumi huuliza jambo jingine. Kati ya filamu 10 zilizotazamwa kiharamia, ngapi zimechukua nafasi ya filamu ambayo mtu angeilipia? Uwiano huo tuuite kiwango cha uhamisho.

Utafiti ulioagizwa na Tume ya Ulaya, ukawekwa hadharani mwaka 2017, ulikadiria kuwa kwa filamu mpya zinazovuma kiwango hicho ni 4 kwa 10. Basi zile 50,000 zimefuta utazamaji halali 20,000. Na hizo si tiketi za sinema peke yake. Zimo pia za kukodi na za kununua mtandaoni, ambazo bei zake hazilingani. Ndiyo maana kuzidisha idadi ya upakuaji kwa bei ya tiketi hukosea mara mbili.

Linaloamua zaidi ni muda. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa filamu iliyovuja kabla ya kuingia sinema huingiza pungufu kwa 19.1%, ikilinganishwa na ambayo ingevuja baadaye. Wiki za mwanzo ndipo wenye hamu kubwa hulipa, na nakala iliyotangulia huwakuta wangali wanangoja. Kungojesha watu nako kuna gharama yake: filamu za Marekani zinapochelewa kufika nchi nyingine, watazamaji wa huko huzipata kiharamia kwanza.

Kupima haya kuna mtego. Filamu inayopendwa hununuliwa sana na kuibwa sana, hivyo ukichora grafu utadhani wizi unakuza mauzo! Watafiti huvizia tukio la nje linalokata uharamia ghafla, kama kufungwa kwa Megaupload, tovuti ya kuhifadhi na kugawana mafaili, Januari 2012. Baada ya hapo mapato ya kidijitali ya studio mbili kubwa yalipanda kwa 6.5% hadi 8.5%. Kwenye majumba ya sinema mambo yalikwenda vingine: filamu zilizoonyeshwa katika kumbi nyingi zilinufaika, ilhali zile za kati mapato yao yalishuka kidogo. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba filamu isiyo na bajeti ya matangazo hutegemea watu kusimuliana, na baadhi ya wasimulizi hao waliitazama bure.