Kumzuia Paka wa Ndani Asitoroke

Paka anayeishi ndani huhitaji sekunde moja tu. Mwenye nyumba anarudi na mifuko mikononi, anasukuma mlango kwa bega, na paka aliyejikunyata nyuma yake anapita katikati ya miguu. Wengi hujilaumu kwamba hawakuwa wepesi, lakini hakuna binadamu anayemshinda paka kwa mbio za mita mbili. Tatizo lilianza zamani, pale paka alipozoea kungojea mlangoni, na kwa kawaida sisi wenyewe ndio tuliomzoesha: tunampapasa pale pale tunapoingia, kisha tunampa chakula mara tu baada ya kufunga mlango.

Basi mbadilishie mahali pa kungojea. Chagua kigoda, sanduku au kimkeka kilicho umbali wa mita tatu hivi kutoka mlangoni. Mwite hapo, na akifika mpe kipande cha nyama kisichozidi punje ya mahindi. Rudia kwa dakika tano, mara mbili kwa siku, mlango ukiwa umefungwa. Akishazoea, gusa kitasa kisha umtuze akiwa bado pale pale. Siku zinazofuata zungusha ufunguo, halafu fungua upenyo mdogo, halafu toka na kuingia. Akiondoka mahali pake, umeenda haraka mno; rudi hatua moja nyuma. Ukiingia, usimsemeshe wala kumgusa mpaka afike kwenye kigoda chake.

Kumrushia maji au kumpigia kelele mlangoni hakusaidii. Anajifunza kukuogopa wewe, na mlango unabaki na mvuto wake ule ule usipokuwepo. Paka aliyeogopa pia hukimbia bila kutazama, na hapo uwazi wowote humfaa.

Nyumba ikiruhusu, weka kizuizi cha pili: mlango wa korido au geti la wavu, ili mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Springi ya kujifunga kwenye mlango wa nje husaidia sana nyumba yenye watoto. Siku ya wageni wengi, mafundi au kuhama, mfungie paka katika chumba kimoja chenye maji na choo chake, na ubandike karatasi mlangoni inayosema asifunguliwe. Ni afadhali alalamike kwa muda wa saa nne kuliko kumtafuta wiki mbili.

Madirisha yanahitaji uangalifu zaidi ya watu wanavyodhani. Wavu wa mbu wa plastiki au wa nyuzi za glasi umetengenezwa kuzuia wadudu. Kucha huuchana, na paka wa kilo nne akiuparamia kwa kishindo huung'oa kwenye mfereji wa fremu. Tumia wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, uliobanwa kwa skrubu na washa (vipete bapa vya chuma) kila baada ya sentimita 10 hadi 15. Ufunge upande wa ndani wa fremu, ili paka akisukuma aubane kwenye fremu badala ya kuvuta skrubu zitoke. Nondo za dirisha hazimzuii. Mitulinga ya paka haikuungana na mifupa mingine ya bega, kwa hiyo mabega hujibana, na kwa paka asiye mnene, kichwa kikipita mwili nao hupita. Usiache uwazi unaozidi sentimita 5, na kwa watoto wa paka punguza zaidi.

Dirisha linaloinamia ndani kwa juu ni hatari ya pekee: paka huruka kutoka, huteleza na kunasa kwenye pembe nyembamba ya chini, na kadiri anavyojitahidi ndivyo anavyobanwa. Wengine hufa hapo. Kwenye ghorofa, msitegemee ule usemi kwamba paka huangukia miguu. Huangukia miguu kweli, na bado huvunjika taya, miguu na hata kuumia mapafu.

Kagua pia dari, tundu la bomba chini ya sinki na nafasi juu ya ukuta chini ya paa.

Msukumo mkubwa wa kutoka, kuliko yote, ni uzazi. Paka jike anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi minne tu, na asipopandwa joto hujirudia kila wiki mbili au tatu katika msimu wake. Dume asiyehasiwa husikia harufu na sauti hiyo kutoka mbali na atakwaruza mlango usiku kucha. Zungumza na daktari wa wanyama kuhusu kuwahasi kabla hawajafikisha miezi mitano. Dume huweza kubaki na uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, na zile tabia za kuzurura hupungua polepole, kwa hiyo usilegeze ulinzi mapema.

Msukumo unaofuata ni uchovu wa kukaa bure. Paka huchangamka alfajiri na magharibi, na hizo ndizo saa za kucheza naye: dakika kumi hadi kumi na tano za kufukuza kamba au unyoya, mwisho umwache akamate, kisha umlishe. Akishakula hujilamba na kulala. Mpe rafu ya juu karibu na dirisha lililozibwa, na gogo imara la kukwaruza, refu kiasi cha kujinyoosha mwili mzima.

Mwekee chipu ya utambulisho chini ya ngozi, yenye ukubwa wa punje ya mchele. Haionyeshi alipo, husomwa kwa mashine kliniki, kwa hiyo sasisha namba yako ya simu kila unapoibadilisha. Kola iwe ya kufunguka yenyewe ikivutwa, na vidole viwili vipite chini yake.

Akitoroka, usimkimbize. Paka asiyezoea nje mara nyingi hujificha karibu sana, chini ya gari, kichakani au uvunguni mwa jirani, akiwa kimya hata umwite kwa jina. Tafuta kwanza upande aliotokea, usiku kukiwa kimya, ukimulika tochi usawa wa macho yako. Macho yake yatang'aa. Waombe majirani wafungue stoo na wewe uangalie mwenyewe. Acha kitanda chake na chakula chenye harufu kali karibu na mlango. Akionekana lakini hakaribii, tumia mtego wa sanduku na uukague mara kwa mara.

Akirudi, mpeleke akaguliwe majeraha na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama una paka mwingine, watenganishe kwa siku moja au mbili na umpanguse aliyerudi kwa taulo lililotumika nyumbani, maana mwenzake anaweza kumfokea kama mgeni kwa sababu ya harufu aliyokuja nayo.